Peremende Nyekundu za Kyumbi

Juzi stima ilipotea nyumbani kwangu, na binti yangu, aliyekuwa akila biskuti kando ya mshumaa, akaiachia karatasi yake ya nailoni iguse mwali. Ilijikunja, ikatoa moshi mwembamba, na harufu ikanifikia jikoni. Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka harufu hiyo. Njugu, sukari ya kupima, majani ya chai, vyote vilitiwa katika vimfuko vya nailoni, mdomo ukakunjwa na kupitishwa juu ya mshumaa hadi ukashikana. Siku hizi mifuko hiyo imepigwa marufuku na harufu yake imekwenda nayo. Nilisimama na mwiko mkononi, nikamwona Mama Hodan kana kwamba tuliachana jana.

Mama Hodan alikuwa na duka Kyumbi, ng'ambo ya barabara kutoka kanisani kwetu. Lilikuwa duka jembamba lenye kaunta ya mbao na wavu wa chuma, na ndani kulinukia uvumba, mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Mumewe alikuwa akinunua mbuzi Kithimani na kuwauza Nairobi, kwa hiyo tulimwona mara chache, akipita na koti lake refu na kutusalimu kwa sauti ya chini. Binti yao Hodan alikuwa darasa moja nami na tulikaa dawati moja. Jioni tulikaa chini ya kaunta, migongo yetu ikiwa imeegemea magunia ya sukari, tukimtazama mama yake akifunga njugu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Kimfuko kilipita juu ya mwali, kikatoa mlio mdogo kama wa mdudu, kikatupwa katika beseni, na kingine kilikuwa tayari mkononi.

Alikuwa pia akiuza peremende, au switi kama tulivyoziita sisi. Zilikuja kutoka kiwandani katika pakiti ndogo zilizochorwa puto, na hukuweza kuona ndani mpaka upasue. Kulikuwa na za njano, kijani, machungwa, zambarau na nyekundu. Kwetu sisi wasichana, nyekundu ndiyo iliyokuwa switi yenyewe. Nyingine zilikuwa za kusindikiza. Uliilamba kidogo, ukajipaka midomoni, ukatembea uwanjani wakati wa mapumziko kama bibi harusi. Aliyepata pakiti yenye nyekundu nyingi alikuwa na marafiki hadi saa nane.

Sijui hasa minong'ono ilianza lini. Nakumbuka tu kwamba Kioko, kijana wa jirani yetu, alifungua pakiti akakosa nyekundu hata moja, akalia njia nzima kutoka dukani. Kisha mtoto mwingine akakosa, na mwingine akapata moja tu. Halafu mtu akaleta pakiti kutoka Machakos mjini ikiwa imejaa nyekundu tele. Mama Kioko ndiye aliyeunganisha mambo hayo. Huyu alikuwa msimamizi wa shule ya Jumapili, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri ya kuimba, na hakuwa mtu mbaya. Mandazi aliyotupikia kila mwisho wa mwezi alitoa unga nyumbani kwake. Lakini alikuwa akiyaamini macho yake kupita kiasi.

"Ule mshumaa unawaka kila jioni," aliwaambia akina mama waliokuwa wakiuza machungwa pamoja na mama yangu kando ya barabara. "Anafungua pakiti, anatoa nyekundu awape watoto wake, anafunga tena. Mtu wa kufunga njugu vile atashindwa na switi?"

Nilikuwa karibu, nikipanga machungwa. Mimi mshumaa huo nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Katika akili yangu ya mtoto, kitu kikiwezekana basi kimefanyika. Nilianza kujaribu kukumbuka kama niliwahi kumwona akishika pakiti ya puto karibu na mwali, na kadiri nilivyojaribu ndivyo picha ilivyozidi kuwa wazi, hadi sikujua tena kama naikumbuka au naitunga.

Watu wakaanza kuvuka barabara kununua kwingine. Hawakugombana naye, walipunguza tu. Mama yangu aliniambia, bila kunitazama, "Mwende, usiende kwa Hodan kwanza. Ngoja haya mambo yatulie." Mama na Mama Kioko walikuwa kikundi kimoja cha akina mama, wakiketi karibu kila siku, na nadhani hakuona njia nyingine. Darasani tuliendelea kukaa dawati moja, lakini Hodan hakuniuliza kwa nini siji, nami sikumwambia.

Wakati huo Anti Mueni, mdogo wake mama, alikuwa akikaa kwetu. Alikuwa akisoma hesabu chuo kikuu, na chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo wa wanafunzi, kwa hiyo alirudi nyumbani na begi la vitabu akalala kitandani kwangu miezi mingi. Nilimpenda kwa sababu alijibu kila swali kama vile limeulizwa na mtu mzima. Usiku mmoja wakati wa chakula mama alimsimulia habari ya peremende. Anti alitafuna polepole, akasema:

"Kabla hujamlaumu mtu, lazima kwanza ujiulize kama si bahati tu."

Niliacha kula. Bahati alikuwa msichana aliyemaliza darasa la nane na kumsaidia Mama Hodan kazi za duka. Alipanga katoni, alifagia, alipima mafuta ya taa. Sikuwahi kufikiria kwamba ni yeye.

"Lakini watu hawaangalii bahati," Anti aliendelea. "Inafanya mambo mengi sana, na hakuna anayeishuku."

Mtu wa pwani angetambua mara moja kwamba haongei juu ya mtu. Lakini kwetu "iko" ilitosha kwa mtu, kwa mbuzi na kwa sufuria, kwa hiyo sarufi haikunisaidia chochote. Kwa muda wa wiki nzima nilimchunguza Bahati wa watu. Nilitazama midomo yake kama ina rangi. Alipokuja kuchota maji kwenye mfereji wetu nilimwangalia mifuko ya sweta, hadi akatua mtungi akaniuliza, "Mwende, niko na nini usoni?" Nikamwambia hakuna kitu. Nilianza kumhurumia hata kabla hajashikwa.

Mambo yaliiva Jumapili moja baada ya ibada. Sikukuu ya watoto wa kanisa ilikuwa inakaribia, na kila mwaka kanisa lilinunua peremende kutoka kwa Mama Hodan, katoni mbili. Mama Kioko alisimama akasema mwaka huu zote zitoke mjini, na kila mtu alijua kwa nini. Anti Mueni, aliyekuwa ameketi nyuma, akainua mkono.

"Mama Kioko, nunua katoni moja mjini na moja kwa Mama Hodan. Jumamosi tuzifungue zote hapa, tuhesabu nyekundu mbele ya kila mtu."

"Na zake zikipungua?"

"Lazima za mmoja wao zitapungua. Haziwezi kulingana kabisa. Swali ni kama zimepungua kuliko vile bahati peke yake inaweza kupunguza."

Nilimtafuta Bahati kwa macho nikakumbuka kwamba yeye alisali kanisa lingine.

"Mimi hizo hesabu sikusoma," Mama Kioko alisema. "Nitajuaje hunizungushi?"

"Ndiyo maana tunakubaliana leo, kabla mtu yeyote hajaona ndani ya pakiti. Nitakuonyesha bahati ikifanya kazi kwa mikono yako mwenyewe. Kama upungufu kama huo inauleta mara chache sana, tuseme mara moja kwa kila ishirini au chini ya hapo, nitasimama hapa niseme uko na haki ya kumshuku. Ikiwa inauleta mara nyingi kuliko hapo, utaacha kumsema."

Mama Kioko alifikiri. "Utasimama kweli?"

"Nitasimama."

Nilikuwa nimedhani Anti yuko upande wetu, upande wangu na Hodan. Sasa nikaelewa kwamba alikuwa tayari kusimama mbele ya kanisa na kumwangamiza mama wa rafiki yangu, hesabu ikimwambia hivyo. Njiani nilikataa kushikwa mkono.

Kesho yake Anti alinichukua tukaenda dukani. Nilitarajia anunue katoni kimyakimya, lakini alimweleza Mama Hodan kila kitu: wanachosema watu, kitakachohesabiwa, na kwamba matokeo anaweza kuyapenda au asiyapende. Mama Hodan alisikiliza huku kiganja chake kimefunika mizani. Anti alipomaliza, mama yule alivuta katoni kutoka rafu ya chini, akavuta ya pili, akavuta ya tatu, akaziweka zote juu ya kaunta.

"Chagua," alisema.

"Achague huyu," Anti akajibu, akaniziba macho kwa mkono. Niligusa katoni moja. Mkono wake ulikuwa umenifunika vizuri, na nilishukuru, maana nilikuwa nikitaka sana kuchungulia na sikujua ningetafuta nini.

Jumamosi kanisa lilijaa kuliko siku ya mavuno. Mama Hodan hakuweza kufunga duka, kwa hiyo alimtuma Bahati aliyesimama mlangoni na leso yake mabegani. Meza ilitandikwa magazeti. Sisi watoto tulipasua pakiti moja moja, tukatenga nyekundu, tukahesabu kwa sauti huku mzee mmoja wa kanisa akisimamia. Nakumbuka harufu ya peremende hizo, tamu na kali kidogo hadi mate yanajaa, na mikono yetu ikinata. Kioko alijisahau akatia moja mdomoni. "Tema," Anti alimwambia. "Hiyo ni ushahidi." Akaitema kwenye kiganja, ikahesabiwa ikiwa imelowa.

Tulipojumlisha, nyekundu za Mama Hodan zilikuwa pungufu kuliko zile za mjini kwa kumi na tatu.

Watu walinong'ona. Mama Kioko hakushangilia. Alikunja tu mikono kifuani. Mimi nilitazama sakafu. Kumi na tatu kwangu ilikuwa kubwa kama mlima Mua unaoonekana kutoka mlangoni pale.

Anti hakuonyesha kushtuka. Kwa kila pakiti tulikuwa tumeandika kikaratasi chenye idadi ya nyekundu zake, bila jina la duka. Alivimimina vyote, vya Mama Hodan na vya mjini, katika sufuria kubwa ya chai ya kanisa, akavikoroga kwa mkono.

"Tuanze kwa kudhani maduka haya ni sawa," alisema. "Kama ni sawa, jina la duka si kitu. Naweza kugawa karatasi hizi mafungu mawili sawa nikiwa nimefumba macho, na mafungu bado yatatofautiana. Nataka tuone yatatofautiana kiasi gani bila mwizi yeyote." Akagonga sufuria. "Bahati iko hapa ndani."

Nilichungulia sufuriani. Kisha nikamtazama Bahati pale mlangoni, akijikuna shingo. Nikachungulia tena sufuriani. Sijawahi kupata aibu tamu kama ile. Nilitaka kukimbia nikamkumbatie yule msichana na kumwomba msamaha kwa kesi ambayo hakujua alikuwa nayo.

Anti aligawa mara ya kwanza: tofauti ya nne. Mara ya pili: saba. Wazee wakapokezana, wakajumlisha, na tofauti zikabaki ndogo. Mama Kioko alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Ndipo Anti akamsogezea sufuria.

"Gawa wewe."

Mama Kioko alipandisha mikono ya gauni, akafumba macho, midomo ikichezacheza kama anaomba, akatoa vikaratasi kimoja kimoja: hiki kushoto, hiki kulia. Yule mzee akajumlisha. Akajumlisha tena. Fungu la kushoto lilikuwa limepungukiwa na nyekundu kumi na tisa.

"Kumi na tisa," Anti alisema kwa upole. "Nani amezitoa, Mama Kioko?"

Mama Kioko alitazama fungu, akatazama viganja vyake. "Hakuna mtu. Ni mimi nimegawa."

"Ulichagua?"

"Si nilikuwa nimefumba macho."

"Basi ndiyo hiyo."

Hawakuacha hapo. Anti alisisitiza wagawe tena na tena, maana alisema mara moja inaweza kudanganya upande wowote. Jioni ilipoingia ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwepo. Mara nyingi tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika kumi na tatu au kuipita mara nyingi zaidi ya ile mara moja kwa ishirini waliyokubaliana. Haikuwa hata karibu. Anti akasema hakuna sababu ya kudhani kwamba mtu alitoa chochote katika zile pakiti.

"Kwa hivyo huyo mama hana kosa," alisema mzee wa kanisa.

Nilisogea karibu nisikie.

"Sijasema hivyo," Anti akajibu. "Nimesema hatukupata sababu ya kumshuku."

Njiani nilitembea mbele yake nikipiga mawe teke. Aliniacha mpaka nilipochoka, ndipo akauliza nina nini.

"Kwa nini hukusema tu hana kosa? Ungesema, kila mtu angeamini."

"Kwa sababu sijui, Mwende. Ningesema kitu sijui, ningekuwa nimefanya kama wao, tofauti ni kwamba ningekupendeza wewe."

Sikumwelewa, au nilimwelewa na sikutaka. Tulipofika dukani alimweleza Mama Hodan maneno yale yale, bila kuongeza sukari. Mama Hodan alikuwa akifunga njugu. Aliushusha ule mkono uliokuwa na kimfuko.

"Kwa hiyo hujui kama nilitoa."

"Sijui," Anti alisema. "Siwezi kujua. Lakini nimewaambia hakuna sababu ya kukusema, na wamekubali."

Mama Hodan alimtazama kwa muda, kisha kona za macho yake zikalegea. "Abaayo," alisema, neno alilowaitia wanawake aliowapenda, "miezi hii yote kila mtu hapa alikuwa anajua. Ni wewe wa kwanza hujui." Akainua ubao wa kaunta tupite. "Ingieni. Chai iko tayari."

Nilikunywa chai yenye iliki nyingi chini ya kaunta, karibu na Hodan, magoti yetu yakigusana. Mama yangu alijua nilikokuwa na hakuja kuniita.

Siku ya sherehe peremende zote zilichanganywa katika beseni mbili za plastiki, za Mama Hodan na za mjini, hakuna aliyeweza kuzitofautisha tena, na Mama Kioko akawa anagawa kwa kikombe. Hodan hakuwa mtoto wa kanisa. Alikuwa amesimama nje ya ua wa miti, akitazama michezo yetu ya kuvuta kamba kama alivyofanya kila mwaka. Mama Kioko alimwona. Alisimama kidogo na kikombe hewani.

"Hodan," aliita. "Unasimama huko kwa nini? Kuja."

Hodan aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara. Mama yake, mlangoni mwa duka, alitikisa kichwa kukubali. Akaingia. Mama Kioko alimjazia viganja vyote viwili, akaongeza hadi zikaanza kumwagika, akamkunjia nyingine katika karatasi. "Hizi za mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kidogo. Hilo ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akilisema juu ya jambo lile. Jumatatu yake alikuwa dukani akinunua chumvi na kulalamikia mvua, na wengine wakamfuata.

Tuliketi mimi na Hodan kwenye ngazi za kanisa. Alimwaga peremende zake kwenye sketi, akaanza kuzichambua, na kila nyekundu aliyoikuta akaitupia mapajani mwangu. Nilidhani ananilipa kitu. Nikamwambia abaki nazo.

"Sizitaki," alisema. "Zina ladha ya dawa ya kikohozi. Nyumbani hakuna mtu anazikula."

"Hata ndugu zako?"

"Hata wao. Tunapenda za njano."

"Kwa nini hukusema?"

Alifikiria hilo huku akitafuna. "Hakuna mtu aliniuliza."

Niliruka, nikakimbia kumtafuta Anti Mueni aliyekuwa akiosha vikombe nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimeupata ushahidi, ule alioukosa yeye na vikaratasi vyake vyote. Nilimweleza kwa pumzi moja, mikono yangu ikiwa imejaa nyekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta povu kwenye kiwiko, akatabasamu.

"Mwende, huyo ni mtoto mmoja tu."

Nikarudi kwenye ngazi nikiruka. Kwangu mimi mmoja alitosha.